Ombi la Kuzungushia Kamba Korido ya Mjomba

Kwako Mkuu wa Makumbusho,

Shikamoo. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma kabisa ya mstari, shule yetu ilipokutembelea. Hukuniona, nami nilijitahidi usinione. Nimesomeshwa lugha mbili, na mbele za watu zote mbili hunikimbia. Ndiyo maana naandika.

Mlituonyesha nyayo za wanyama wa kale zilizogeuka jiwe. Ni nzuri mno. Nina malalamiko.

1. Mnyama yule alikanyaga tope bichi bila kuomba ruhusa. Leo ana taa, kamba, na askari wa kunong'ona, "Msiguse!" Mimi nimekanyaga saruji mbichi kwenye korido ya mjomba, fundi mwashi, anayejenga nyumba ya kupangisha. Kosa ni lile lile. Yeye kapewa taa, mimi nimepewa jina: Tembo.

2. Mwongoza wageni wenu alisema nyayo za wawili sambamba ni adimu. Basi, za korido nazo ni za wawili! Za kushoto ni za binti wa fundi cherehani, jirani yetu. Mvua ilitukuta njiani, akasema, "We naye, pita humu!" Ningepita hata kama ni makaa.

3. Wanyama wenu walitembea bega kwa bega bila hata kujuana majina. Mimi ni jirani yake tangu utotoni, na korido hiyo ndiyo safari yetu yote.

4. Mjomba anazifuta kesho. "Makumbusho gani, mpwa wangu? Wapangaji watajikwaa!" Waingilie dirishani. Nimejaribu, panapitika.

5. Miaka milioni ijayo wataalamu watauliza, hawa walikuwa nani? Watajibu: wachumba. Nami sitakuwepo kuona haya.

Kwa hiyo naomba kamba, taa, na kibao: "Hapa walipita wawili."

Nisalimie askari, mwongoza wageni, na yule mnyama wa kulia aliyefupisha hatua ili mwenzake amfikie. Mimi nilimwona.

Wako, mtu wa nyuma ya mstari.

Tanbihi: Usije. Mjomba ameshafuta. Nililia kidogo, kwa lugha zote mbili. Kisha binti wa fundi cherehani akachungulia, akagusa saruji mpya kwa kidole, akavua ndala. "Bado mbichi hii. Ila siku ile ulikimbia kama umeiba. Leo tembea." Viatu nimeshavua. Taa na kibao acha. Kamba lete upesi: ya kumfunga mjomba.