Homa ya Siku Nne

Jumatatu, 16 Juni 2025
Yunus amepewa likizo ya siku nne. Atashuka Msata mtondo, Alhamisi, akitokea kambini kwao kaskazini. Pale njia ni mbili: kushoto Bagamoyo, kwangu, mbele Lugoba, kwa mama yake. Likizo iliyopita alipitia Lugoba, kusalimia tu. Nilimpata siku ya nne, akiwa na kuku hai na usingizi. Tumeoana miezi minane. Tumeishi pamoja siku kumi na tisa.

Hitimisho: mama asiwepo Lugoba. Nimempigia simu, nikamwamkia, nikamweleza kwamba nina homa na sina wa kuniangalia. Akauliza imepanda kiasi gani. Nikajibu ni homa ya ndani. Akasema atakuja Jumatano.

Alhamisi saa sita nitapona. Mkwe mstaarabu hakai baina ya mke na mume.

Jumatano, 18 Juni
Mama amewasili na mwarobaini na nguo za wiki mbili. Nguo hazikuwamo katika mpango. Jirani yangu Arafa, ambaye mumewe yuko kikosi kimoja na Yunus na amenyimwa likizo, alimwona akiingia, akauliza kulikoni. Mbele ya mama sikuweza kukana.

Alhamisi, 19 Juni
Saa sita nilitangaza kupona. Mama akasema alhamdulillahi, basi kesho sote twende Lugoba, wajomba zake Yunus wanamngoja. Saa sita na dakika tano homa ilirudi.

Yunus alifika saa saba, moja kwa moja. Sehemu hiyo ya mpango imefaulu. Naiandika kwa kuwa ndiyo pekee.

Mgonjwa, kwa mujibu wa mama, halali bila mtu mzima ubavuni. Nyumba yetu ni chumba na sebule. Mama kitandani nami. Yunus mkekani, sebuleni.

Ijumaa, 20 Juni
Baada ya sala wamekuja wake wa askari wa hapa mtaani kwetu Dunda kunijulia hali, Arafa akiwa mbele. Kumi na mmoja. Wamekaa hadi magharibi. Arafa alinipa pole, akaongeza kwamba, shoga, rangi yako mbona inatushinda sisi wazima. Wenzake wakacheka ndani ya khanga. Yunus alikosa pa kukaa, akashinda barazani kwa watu. Wageni walikula wali wa nazi na changu. Mimi uji, bila chumvi.

Jumapili, 22 Juni
Yunus ameondoka. Faragha yetu ya likizo nzima: dakika sita, kutoka mlangoni hadi kwenye bodaboda. Alisema hana amani kurudi kazini akiniacha naumwa. Hapo niliumwa kidogo kweli.

Alasiri mama alifunga mzigo. Nikamuuliza zile wiki mbili. Akasema, Raya mwanangu, homa isiyopasha hata mto huondoka na mume. Mimi nimekuwa mke wa askari miaka ishirini, nimeiugua sana hiyo. Likizo ya Desemba ikikurudia, niite mapema.

Nimeupitia mpango wote upya, hatua kwa hatua. Ulikuwa na kosa moja: mgonjwa nilikuwa mimi.

Desemba ataugua Yunus.