Picha ya Wageni wa Kabalo

Jumatatu, 1 Machi 1999
Treni haikuja. Vita. Karani wa stesheni asiye na treni ana nafasi kubwa ya kufikiri, nami nimefikiri. Mchungaji Jessé ametangaza kwamba kwaya ya Pasaka itaongozwa na Kabamba. Kabamba! Mwalimu aliyekimbia mapigano ya Kabalo. Alifika Januari na shuka moja. Analala na mkewe Delphine na wenzao thelathini katika darasa la zamani nyuma ya kanisa. Mimi nimeongoza kwaya miaka kumi na miwili. Waimbaji wamepiga makofi. Hata wa sauti ya pili, niliowafundisha mwenyewe!

Jumanne, 2 Machi
Nimefungua sanduku, nikapata picha. Wanaume wenye mikuki, nyuso zimepakwa makaa, katikati mtu amefungwa kamba, kichwa kimeinama. Ni mchezo wetu wa Pasaka wa 1986, hapa hapa Kamina. Nani atajua? Nimempelekea Clotilde, anayeuza unga sokoni. Sikusema uongo. Nimeuliza tu kama hawa si watu wa kule wanakotoka wageni wetu. Clotilde ameshika kichwa. Akaomba abaki nayo. Nimekubali shingo upande.

Jumatano, 3 Machi
Asubuhi, mikuki ilikuwa ya Kabalo. Mchana, picha ilipigwa mwezi jana. Jioni fundi mmoja wa reli amenieleza mimi, kwa siri, kwamba aliyefungwa ni mchuuzi wa Kaniama, na waliomfunga wanalala nyuma ya kanisa. Nimeshtuka kwelikweli. Ilibidi nijikumbushe kwamba ni mchezo wa Pasaka.

Alhamisi, 4 Machi
Wanawake wamewafukuza wageni bombani, wakiwaita wauaji. "Bauaji habatachota maji huku!" Delphine, mwenye mimba ya miezi saba, amerudi na ndoo tupu. Mtu akamrushia jiwe, likampata begani. Jiwe sikulipanga. Naliandika hilo ili lijulikane. Nimekwenda kuchukua picha yangu. Clotilde hana, iko kwa vijana wa soko.

Ijumaa, 5 Machi
Vijana wamefika kanisani na fimbo. Wamesema wageni wawe wameondoka ifikapo Jumapili. Waende wapi, hawakusema. Kabamba alisimama mlangoni mikono mitupu, akirudia kwamba wao ni walimu na wavuvi. Familia mbili hazikungoja. Zimeshika njia ya Kaniama kwa miguu. Nilitazama kutoka dirisha la ofisi ya mchungaji. Nilishindwa kutoka. Malaria, labda.

Jumapili, 7 Machi
Aibu! Mchungaji aliwaomba vijana ile picha, akaiinua mbele ya kanisa zima. Akasema anayemjua mtu katika picha aseme. Kisha mama Phébé, mshonaji, akavaa miwani.
"Hii kanzu minyi njo nilishonaka," akasema, akiitambua kazi ya mikono yake. "Huyu wa kamba njo weye, Pasteri, wakati ulikuwa mwembamba. Na huyu wa mukuki..." Akanigeukia. "Zacharie, haya masikio iko ya nani?"
Watu mia mbili wakayatazama masikio yangu. Clotilde akasimama, akasema nani alimletea picha. Nikakiri. Mlango ulikuwa mbali.
Vijana wamewaomba wageni msamaha. Clotilde amempelekea Delphine unga. Zile familia mbili, hakuna ajuaye zilipofika.

Jumanne, 9 Machi
Nimeondolewa kwenye kwaya kabisa. Asubuhi Kabamba amekuja kwangu. Nilisubiri ngumi. Akasema bega la mkewe linapona, na kwamba bila mimi kwaya haina sauti nzito ya besi. Nikitaka, ataniombea kwa mchungaji nirudishwe. Nimejibu nitafikiri. Mtu mpole namna hii anaficha nini?
Mchana jirani yangu Lazare amepita. Ameambiwa na shemeji yake kwamba wageni waliofika jana kutoka Mulongo wanakausha visima kwa dawa. Nikamwuliza ushahidi. Hana hata kidogo.
Nimemletea kiti, nikamwomba aanze tena, polepole.