Kompyuta ya Pi-yun Imegoma

Jumatatu, 30 Machi

Pi-yun mke wangu,

Kompyuta yako imegoma kuwaka. Nimebonyeza kitufe, feni ikazunguka, ikalia mara tatu kama kuku aliyekanyagwa, kisha basi. Kioo cheusi. Nimebonyeza tena. Yale yale.

Nyimbo zako zimo humo. Zile ulizojirekodi ukiimba sebuleni, pamoja na kikohozi chako, na pale unaponikemea katikati ya ubeti nipunguze televisheni. Jumapili ni siku ya kusafisha makaburi, na lako pia. Dada yako Lien alitaka tukodi waimbaji wa maombolezo. Nikamkatalia mbele ya ukoo mzima: Pi-yun ataimba mwenyewe. Isipowaka, nitaimba mimi.

Binti yetu Wan-ting alipiga simu kutoka Hsinchu. Aliuliza kama nilizinakili nyimbo kwenye flashi alivyoniagiza. Nikasema zamani sana. Yeye kazini anachunga mitambo mikubwa kuliko nyumba yetu. Sikutaka ajue baba yake ameshindwa na kasanduku.

Jumanne, 31 Machi

Nimepata dawa. Hapa kwetu mashine ikileta kiburi inawekewa juu yake mfuko wa vitafunwa vya mahindi ambavyo jina lake lina maana ya "uwe mtiifu", wa kijani kama taa ya kupita, ili itulie. Benki wanaweka. Hata kazini kwa Wan-ting wanaweka. Nimezunguka mji wetu wa Chiayi wote, kijani kimekwisha, imebaki njano. Mwenye duka akanionya kwamba njano ni kujitafutia makubwa. Nikanunua hivyo hivyo, nikaufunga kwa skafu yako ya kijani. Nilidhani mashine haitachungulia ndani.

Imechungulia. Sasa hata feni haizunguki.

Jumatano, 1 Aprili

Lien amekuja na unga wa karanga wa kutia kwenye chapati za Jumapili. Akauona mfuko ndani ya skafu. "Shemeji, umeivalisha ushungi? Unaiposa?" Kisha akainama, akaona plagi imechomoka ukutani. Niliichomoa mwenyewe nilipokuwa nikifunga skafu. Akairudisha. Feni ikazunguka. Ikalia mara tatu. Kioo cheusi.

Akaenda kwake, akarudi na mfuko wa kijani. Nikashukuru, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa ameula. Alisema tarehe yake imepita, na mfuko uliopita tarehe huleta nuksi, na chakula hakitupwi. Akaniuliza kama nyimbo ziko tayari. Nikasema zinapumzisha koo.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimempigia Wan-ting. Nikamwambia kompyuta ya jirani, Bwana Kuo, inalia mara tatu na haiwaki. Akasema Bwana Kuo achomoe umeme, afungue ubavu, atoe vile vijiti viwili vya kumbukumbu, asugue meno yao ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, avirudishe mpaka vigonge. Halafu akasema: "Na mwambie Bwana Kuo asimfukizie mkewe ubani mbele ya feni."

Nimefungua ubavu. Majivu matupu. Nilikuwa nimeiweka karibu na madhabahu yako ya hapa nyumbani ili uwe jirani na sauti yako, na kila asubuhi na jioni nilikuwa nikiifukiza kama bata wa kukausha. Nimesugua. Kijiti kimoja nilikipachika kinyume, kikakataa, nikakigeuza, kikagonga.

Imewaka.

Nimefungua wimbo wa kwanza. Ukakohoa. Nilikaa sakafuni mpaka supu ikaungua.

Jumamosi, 4 Aprili

Wan-ting amefika. Hakumtaja Bwana Kuo. Alichomeka flashi, akaanza kunakili, akasema nisiguse chochote mpaka mstari wa kunakili kwenye kioo ujae, akaenda sokoni na Lien. Naye anataka kukusikia kesho. Ameniambia sauti yako ya simu ameshaanza kuisahau.

Sikugusa. Nilifungua wimbo mmoja tu, nisichoke kungoja. Lakini kwa kuwa ilikuwa ikinakili, sauti yako ikawa inakatikakatika, kama mtu mwenye kwikwi. Sikuweza kuvumilia. Nikachomoa flashi, ukaimba vizuri. Aliporudi nikamwambia mstari ulijaa.

Jumapili, 5 Aprili

Tumeng'oa magugu, tumekupangia matunda na chapati zako. Wan-ting akachomeka flashi kwenye spika. Ukoo mzima ukasimama. Ulikuwamo wimbo mmoja. Ukaimba, ukakohoa, ukafika ubeti wa pili, ukakatika.

Wote wakaniangalia mimi, si spika.

Ndipo Lien akaudaka wimbo pale ulipouachia. Sauti yake unaijua, mlango usiotiwa mafuta. Wan-ting akaingia, kisha kaka yako, kisha wote, mpaka mwisho. Mimi sikuimba.

Njiani Wan-ting aliniuliza kwa upole kama kweli mstari ulijaa. Nikasema ulijaa, labda flashi ina tundu. Amenipa nyingine, akaniapisha ninakili zote usiku huu kabla hazijapotea kabisa.

Nimeichomeka. Ukaanza tena kwikwi. Nimeichomoa. Kompyuta imeshapona, haraka ya nini? Nitanakili siku ambayo sitakuwa na hamu ya kukusikia.

Sasa unanikemea nipunguze televisheni. Nimeshaizima, Pi-yun. Huko uliko, unikumbuke.