Kila Anachobofya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Mpokezi wa kliniki ya meno kapiga simu tena. Miadi ya wagonjwa inapotea kwenye mfumo wetu tunaoziuzia kliniki. Anaandika jina, anabofya Hifadhi, kesho yake mgonjwa anafika na jina halipo. Nikamwambia bosi kwamba mfumo niliuandika mwenyewe na hauna dosari. Dosari iko kwenye vidole vya mpokezi. Bosi akaniuliza nina ushahidi gani. Nikamwambia uzoefu.

Hapo ndipo shemeji akafungua mdomo. Shemeji, mdogo wake mke wangu! Niliyemwombea kazi mimi! Niliyemwonyesha mpaka choo kiko wapi! Akasema, kwa ile sauti yake ya kubembelezea watoto, kwamba badala ya kubishana, mfumo uwe unaandika kila mtumiaji alichobofya na saa aliyobofya. Jambo likiharibika, tunarudi nyuma na kusoma. Bosi akasema hayo ndiyo maneno.

Mimi hajawahi kuniambia hayo ndiyo maneno.

Jumatano, 6 Machi

Rekodi zimejibu. Mpokezi anabofya Hifadhi, kisha, kwa kuwa foleni imemwelemea, anabofya Rudi kabla mfumo haujamaliza kuhifadhi. Mfumo unatupa kila kitu bila kusema neno. Kwa hiyo vilikuwa vidole vyake, kama nilivyosema. Hakuna anayekumbuka kwamba nilisema. Wote wanakumbuka kwamba mfumo unaotupa vitu kimyakimya niliuandika mimi.

Shemeji akarekebisha kabla ya chakula cha mchana. Mpokezi akapiga simu kumshukuru, akamwita mwanangu. Mimi huniita "wewe wa kompyuta".

Bosi ametangaza kwamba wiki ijayo anachagua kiongozi wa timu. Alikuwa anamtazama nani akisema hivyo? Mimi hakunitazama.

Nyumbani mke wangu akauliza, huku akipakua, kama ni kweli mdogo wake ametuokoa. Nikasema chumvi imezidi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata wazo. Kama kuwaandika wateja kunaleta sifa, mimi nitaandika watu wote, na sisi wa ofisini tukiwemo. Nikamwambia bosi ni kwa ajili ya usalama. Akasema sawa, bila kuinua macho. Kisha nikajitengenezea ukurasa mdogo, wangu peke yangu, unaoonyesha kila anachokifanya mtu mmoja. Si lazima nimtaje. Unajisoma upya kila sekunde, tangu rekodi ya kwanza kabisa, nisije nikapitwa na jambo.

Rekodi zangu ni bora kuliko zake! Zake zinaandika kubofya tu. Zangu zinaandika hata kipanya kikisogea.

Ijumaa, 8 Machi

Mavuno! Kafungua orodha ya wafanyakazi. Ya nini? Anachagua wa kufukuza akishapanda cheo! Kisha kafungua ukurasa wangu, ule wenye tarehe niliyoajiriwa. Kipanya kikasimama juu ya jina langu. Kikasimama. Kikasimama! Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea.

Ukurasa wangu wa kumtazamia nimeufungua kwenye kompyuta ya mezani, kwenye simu, na kwenye kompyuta ya chumba cha mikutano, ili hata nikienda kunywa chai nisikose kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Mfumo unakwenda kama konokono aliyeshiba. Kliniki zote zinalalamika. Mpokezi anasema wagonjwa wamejaa mpaka kwenye ngazi, na daktari amemwacha mzee wa watu kinywa wazi akisubiri faili lifunguke. Bosi akasema atakayepata sababu, uongozi ni wake.

Nikasimama, nikasema sababu ni rekodi za shemeji: kuandika kila kitu kunauchosha mfumo. Shemeji akasema inawezekana, shemeji, ngoja tuzisome. Ngoja tuzisome! Hana hata aibu ya kukasirika.

Jioni nikaufungua ukurasa wangu kwenye dirisha la nne, nimwone vizuri akihangaika.

Jumanne, 12 Machi

Siitaki siku hii.

Bosi alitaka rekodi zisomwe mbele ya wote. Shemeji akaweka ukutani orodha ya watumiaji, kila mmoja na mstari wake, anayeutumikisha mfumo zaidi akiwa juu. Kliniki zote kwa pamoja zilikuwa kijistari. Juu yake ulilala mstari mmoja uliotoka ukuta huu ukaishia ukuta ule. Akaunti: Fundi Mkuu.

Anayejiita hivyo ni mmoja tu, na jina nilijichagulia mwenyewe.

Shemeji akakohoa. Akasema huenda shemeji alikuwa anaupima mfumo, aone unabeba mzigo gani. Nikaitikia kwa kichwa haraka. Bosi akasema basi ufunguliwe huo ukurasa. Ukafunguka. Ukamwonyesha shemeji akifungua ukurasa unaomwonyesha shemeji. Akasogeza kipanya, na ukutani kukaandikwa: kipanya kimesogea. Mhasibu alicheka mpaka akatoka nje.

Bosi akanigeukia kwa upole, na upole wake ndio mbaya. "Bwana Fundi Mkuu," akasema, "huyu ni mgonjwa wa kliniki gani?"

Jumatano, 13 Machi

Uongozi kapewa shemeji.

Mke wangu amenifungukia jikoni. Ijumaa ile mdogo wake alifungua ukurasa wangu kutafuta tarehe niliyoanza kazi. Alikuwa anamwandikia bosi kwamba cheo nipewe mimi, kwa kuwa ni mkubwa kazini na ndimi niliyemleta. Bosi alikuwa ameanza kukubali. "Ulikuwa unamchungulia mtu anayekuombea," mke wangu akasema. Nikasema angeniambia. Akauliza kama ningeamini.

Nikaenda kulala. Lakini kile kipanya kilisimama juu ya jina langu muda mrefu mno kwa mtu mwenye nia njema.

Alhamisi, 14 Machi

Kiongozi mpya kaniita. Kaniagiza niufute ule ukurasa. Hakunigombeza, kaniuliza hali ya nyumbani. Dharau ya hali ya juu!

Nimeufuta. Nikakaa, nikatafakari kwa kina, na kosa langu nimeliona. Kosa halikuwa kutazama. Kosa ni kwamba rekodi zilikuwa zinaniandika na mimi. Nimerekebisha. Kuanzia leo, kwa mujibu wa mfumo, mimi sijawahi kubofya chochote. Kisha nimetengeneza ukurasa mwingine, unaojisoma kila nusu sekunde, maana kiongozi ana mengi zaidi ya kuficha.

Na tayari umezaa matunda. Mchana huu kafungua rekodi zangu, akakuta hazina kitu. Akazifunga. Akazifungua tena. Akazifungua mara ya tatu!

Ananichunguza. Wivu ni ugonjwa mbaya, na yule kijana unammaliza.