Ukurasa wa Desemba

Alhamisi, 23 Oktoba. Ndani ya treni ya kwenda Kassa, ng'ambo ya mpaka.

Safari imeanza vibaya. Nimepewa kiti kinachotazama nyuma. Shemeji Dezső kapewa dirisha, eti kwa sababu ya macho yake. Mtu asiyeona, dirisha la nini? Dada Piroska katufungia mkate wa mafuta ya nguruwe na soseji. Vipande vinene vyote viko upande wa mumewe.

Klabu yetu ya kamera pale mjini kwetu Miskolc hutoa kalenda kila mwaka. Picha bora hupewa Desemba. Dezső kaishika Desemba tangu enzi za filamu. Mimi hupewa Februari. Mwezi mfupi kuliko yote, na watu huugeuza wakiwa bado wana mafua.

Mwaka huu mambo ni mengine. Daktari kamwambia Dezső kwamba kufika Krismasi atatofautisha mwanga na giza tu, basi. Sasa hivi anaona kama anayechungulia kwenye bomba, na jua likizama bomba lenyewe linajaa moshi. Anataka picha moja ya mwisho. Kanisa kuu la Mtakatifu Elizabeti pale Kassa likiwa limewashwa taa, kutoka ghorofani kwa Mama Etelka, rafiki wa marehemu mama yake. Mbele ya kanisa hilo ndipo alipomposa dada yangu. Piroska alinishika mkono kituoni, akaniomba niwe macho ya mumewe siku hizi chache. Nikaahidi. Nilimwonea huruma kwa kweli.

Halafu nikaikumbuka Desemba.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mama Etelka atatupokea Jumapili, saa kumi na moja jioni, akitoka kanisani. Kabla ya hapo hayupo, baada ya hapo anakula na kulala. Mwanamke wa miaka themanini na nne mwenye ratiba kama ya waziri.

Leo tulifanya mazoezi mtaani. Kila mpiga picha wa majengo anajua kwamba uhai wote uko kwenye kile kipindi kifupi baada ya jua kuzama, taa zimeshawaka na mbingu bado ni ya buluu. Ukichelewa mbingu inakuwa lami, na jengo linaonekana kama keki iliyosahaulika mezani. Kipindi hicho nilikitumia vizuri sana. Nilimfungia Dezső stendi ya kamera, nikaielekeza kwenye benki ya pembeni. Nikamwambia yuko sawasawa. Mimi nikageukia kanisa.

Alipiga picha kumi hivi. Kisha akauliza, kwa upole wake ule unaokera, tangu lini Mtakatifu Elizabeti anatoa mikopo ya nyumba. Alikuwa amesoma tangazo! Bomba lake lilikuwa limeangukia hapo hapo. Akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, wewe ndiye unahitaji daktari wa macho." Watu wawili waliokuwa wanapita wakacheka naye.

Na picha zangu zote zina bega lake.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimepata njia, na safari hii haina dosari.

Dezső ana saa ya mkononi inayosema. Unabonyeza, mwanamke anakutajia saa kwa sauti ya mtangazaji wa vifo. Simu haoni kuisoma. Kwa hiyo anaishi kwa saa hiyo. Usiku huu akilala nitairudisha nyuma saa nzima. Kesho mchana nitasema naenda kununua betri na kwamba tukutane kwa Mama Etelka saa kumi na moja. Yeye atafika saa kumi na mbili. Bibi yuko kwenye supu, mlango umefungwa. Nitakuwa nimeshapiga picha yangu dirishani na kuondoka. Nitamfariji. Nitamnunulia bia kabisa.

Baadaye. Imefanyika. Jasho limenitoka. Ile saa, kila ukigusa kitufe, inasema. Nilikuwa nimejifunika blanketi bafuni, mwanamke anatangaza saa tano, saa nne, saa tano tena, mimi namkaba kwa taulo. Nimeirudisha kando ya kitanda. Dezső anakoroma. Simu yangu nimeizima ili chaji isiishe. Saa ya baba inanitosha mkononi. Yule mzee aliipeleka vitani na haikuwahi kumdanganya.

Jumapili, 26 Oktoba

Siku ya laana.

Saa kumi na moja kamili nilikuwa mlangoni kwa Mama Etelka na maua. Nikabonyeza kengele. Kimya. Nikabonyeza tena. Jirani akatoa kichwa, akaniambia kwa Kihungari kibovu kwamba bibi yuko kanisani, nirudi baadaye. Nikamwambia nina miadi. Akafunga mlango. Nikashuka nikangoja barabarani, mvua ya baridi ikanishukia shingoni, na kanisa limekaa gizagiza bila taa hata moja. Nikajua wameshazima kubana matumizi ya umeme, kama miji mingine. Na yule bibi kanidharau. Maua nikayatupa kwenye pipa, nikaingia baa ya chini ya ardhi. Nikanywa bia ya giza na roho yangu ikiwa giza vilevile.

Niliketi sana. Kisha mhudumu akaja kupanda kiti kurekebisha saa ya ukutani, akilalamika kwamba kila mwaka husahau. Nikamwuliza kasahau nini. Akanitazama kama mtu anayetazama mlevi. Saa za majira ya baridi, akasema. Jana usiku Ulaya nzima imerudisha saa nyuma, kumi na moja ya jana leo ni kumi.

Ulaya nzima! Isipokuwa mimi na baba yangu.

Nikatoka mbio. Kanisa lilikuwa linawaka lote, kama jiko lililofunguliwa mlango. Juu, ghorofa ya nne, dirisha la Mama Etelka lilikuwa wazi, na ndani yake kivuli cha Dezső kimeinamia kamera, na kando yake kivuli kidogo kilichovaa kofia. Nikapiga picha yangu pale pale barabarani, kwa mkono, mvua ikiingia kwenye lenzi. Stendi niliiacha hotelini ili niwe mwepesi.

Jumatatu, 27 Oktoba. Treni ya kurudi.

Dezső hanyamazi. Kumbe juzi usiku hakuwa amelala. Alinisikia bafuni na ile saa. Alijilaza pale gizani, anasema, akifikiri jinsi shemeji yake anavyomwogopea asichelewe, mpaka anaamka usiku kumrekebishia saa kwa majira ya baridi, tena kwa kujificha, asimwaibishe. Machozi yalimtoka. Anasema aliamua kujifanya anakoroma ili asiniharibie.

Nilikula soseji yake nene. Alinipa mwenyewe.

Kisha akanieleza walivyofanya. Mama Etelka hajawahi kushika kamera. Dezső alimwambia atazame kioo cha nyuma ya kamera, yeye azungushe lenzi polepole, na bibi aseme atakapoona mistari ya vigae vya paa. "Bado, mwanangu. Bado. Bado kidogo. Hapo hapo, usipumue." Ndivyo walivyolenga. Macho ya bibi, vidole vya kipofu. Akaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nikamwambia nilishikwa na tumbo.

Akanipa kamera nitazame, nimwambie ukweli kama imetoka.

Imetoka. Mungu anisamehe, sijawahi kuona kitu kama kile. Minara miwili isiyolingana, vigae vya rangi unaweza kuvihesabu, mbingu ya buluu nzito, na chini mawe yaliyolowa yamebeba kanisa zima kichwa chini. Katikati mwanamke mmoja mwenye mwavuli. Nilitamani kulia, na nilitamani kuitupa nje ya dirisha.

Nikamwambia imetoka vizuri kiasi.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku ya Watakatifu Wote. Tumekwenda wote makaburini, tumewasha mishumaa kwa baba na mama. Mlima mzima unameta. Dezső alisimama katikati ya mishumaa elfu akamwuliza dada kama wameshawasha. Piroska akamwambia ndiyo, wameshawasha, akageuza uso. Mimi pia niligeuza. Iliuma, siwezi kusema haikuuma.

Wakati wa kurudi Dezső alinipa ile kadi ya kamera. Kompyuta imemshinda, na Piroska haijui. Akaniomba nitume picha za wote wawili kwa mwenyekiti Lajtos, yake na yangu. "Ningempa mwingine nisingelala. Wewe nakuamini."

Nimekaa mbele ya kompyuta tangu chakula cha jioni. Nimejiuliza maswali mazito. Je, itamfaa nini Desemba asiyoiona? Je, si saa niliyorekebisha mimi iliyomfikisha pale? Ukitazama kwa haki, picha ile nusu ni yangu. Na nusu nyingine ni ya Mama Etelka, ambaye si mwanachama.

Nimetuma zote mbili. Jina langu chini ya yake. Jina lake chini ya ile ya mvua. Kisha nikaifuta kadi.

Jumapili, 14 Desemba

Kalenda imetoka. Desemba: Szilárd Bárdos. Lajtos alinishika mkono mbele ya wote akasema nimechelewa kuchanua lakini nimechanua. Dezső alipiga makofi kuliko mtu yeyote, akitazama upande ambao mimi sikuwepo. Kapewa Februari. Wamempa kwa huruma tu, ilivyo mbovu.

Mchana nilialikwa kwao. Giza lake sasa limekamilika. Piroska alikuwa ameitundika kalenda jikoni, imefunguliwa Februari ingawa ni Desemba. Dezső akaniomba nimweleze picha yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiona siku ile kwenye treni. Nikasimama mbele ya ukungu wangu uliopinda, wenye tone la mvua kubwa kama yai, nikamweleza. Minara. Vigae. Mawe yaliyolowa. Akasikiliza mdomo wazi. Akauliza kama mwanamke wa mwavuli yumo. Nikasema yumo.

Piroska alikuwa anamenya viazi. Kisu kilisimama.

Alinisindikiza mpaka ngazini, akafunga mlango nyuma yake. Akauliza kwa sauti ya chini, imekuwaje picha iliyopigwa dirishani ikawa imepigwa barabarani, na ya mtu aliyeshikwa na tumbo ikawa imepigwa kutoka ghorofa ya nne. Nikaanza habari ya kompyuta. Akanyanyua kidole tu.

Hatamwambia, alisema. Si kwa ajili yangu. Yule mtu kabakiwa na vitu viwili, picha yake na shemeji yake, na yeye hatamnyang'anya vyote siku moja. Lakini nitakuja kila Jumapili kumweleza picha ile. Yote, kigae kwa kigae. "Na ole wako usahau kitu, Szilárd."

Kila Jumapili! Na Jumapili ndiyo siku yangu ya kulala.

Jumapili, 11 Januari

Nimekwenda. Hii ni mara ya nne. Koo linauma. Leo niliruka mwavuli ili nimalize mapema, Dezső akausubiri, akasubiri, uso ukamnywea kama mtoto aliyesahaulika shuleni. Piroska akaweka chungu mezani kwa kishindo. Nikaurudisha mwavuli. Nikaupa na rangi nyekundu, uwe na uhai. Dezső akasema taratibu kwamba Mama Etelka alimwambia ulikuwa mweusi. Ubishi hauishi hata gizani.

Baada ya supu alinyanyuka, akapapasa kabatini, akaniletea kiboksi. Ndani, lenzi yake kubwa, ile niliyoitamani miaka yote. Akasema mikono yake haina tena kazi nayo, na hakuna anayestahili kuliko mtu anayemwonyesha kanisa lake kila Jumapili. Akanishika bega. Piroska alitoka jikoni, nikamsikia akilia kwenye korido.

Nimefika nyumbani, nimeifungua chini ya taa. Pembeni ina mkwaruzo mdogo.

Bila shaka aliujua. Ndiyo maana kanipa.