Mgongo wa Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu Wilf kaamka saa kumi na moja alfajiri. Jino. Nimemimina chai mara mbili kabla hakujapambazuka, na zote nimezinywa baridi. Mtoto mkono mmoja, simu mkono wa pili, nikafungua ule ukurasa wetu wa mtandaoni, Hebblesden Tunayoikumbuka. Humo ndimo mji mzima unamoishi siku hizi. Huyu analilia sinema iliyobomolewa, yule duka la pai, mwingine moshi wa kiwanda cha pamba, ambao ukimsikiliza utadhani ulikuwa manukato.

Mzee Clegg kaweka picha mpya. Zamani alikuwa mkaguzi wa mabasi, sasa anatukagua historia. Picha yenyewe itakuwa jalada la kitabu chake cha mji. Mwanamke kapiga magoti mlangoni, anasugua kizingiti cha mawe, ndoo pembeni. Uso hauonekani. Unaonekana mgongo tu, na kile kinachofuata baada ya mgongo. Nyuma ya picha imeandikwa "Mtaa wa Bobbin, Mei 1961", basi. Mzee anauliza, ni nani huyu? Mwisho Jumamosi, maana Jumatatu ijayo kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa.

Nikapiga kelele hadi Wilf akasahau jino. Bibi! Bibi Mavis hasa! Makalio yale nayajua. Nimeyarithi.

Bibi kaishi Mtaa wa Bobbin miaka kumi na mitano. Kasimama kwenye mitambo ya kufuma hadi sikio la kushoto likafa. Wenye kiwanda wana mitaa minne na bustani kwa majina yao. Bibi hana hata benchi. Na picha zake zote za ujana zilichukuliwa na mto siku ulipoingia sebuleni. Ana miaka themanini na minane. Nataka jina lake lichapishwe mahali, naye akiwa bado na macho ya kulisoma.

Sitamwambia. Iwe zawadi.

Nikaandika: "Huyo ni bibi yangu, Mavis Ogden." Dakika tatu hazijaisha, Lorraine wa saluni kajibu: "Samahani kipenzi, huyo ni mama yangu, marehemu Ivy Bleasdale. Wenye macho wanaona."

Vita!

Jumanne, 5 Machi

Mzee Clegg katangaza kwamba makalio si ushahidi. Anataka karatasi au jiwe.

Jiwe lipo! Bibi alikaa namba kumi na nne. Nikamweka Wilf kwenye kigari, binti yangu Nell nikamshika mkono (shule imefungwa, bomba limepasuka, ndiyo bahati yangu), tukaenda. Nikapiga magoti pale mlangoni nikilinganisha na picha ya simuni. Na kweli! Pembe ya kushoto imemegeka, vilevile kama pichani! Nikaanza kupima kwa rula ya Nell, ile yenye twiga. Mlango ukafunguka. Nikaingia kichwa mbele hadi kwenye mkeka.

Mwenye nyumba siku hizi ni Bwana Tariq Mahmood, dereva wa teksi. Alikuwa na nguo za kulalia. Akaniambia, "Dada, kengele iko juu. Huko chini hakuna kitu."

Nikamweleza. Akacheka, akatukaribisha chai, Nell akamaliza biskuti zake. Akasema mama yake alifika hapa kutoka Mirpur, Pakistani, mwaka sabini na nne bila neno hata moja la Kiingereza. Ijumaa ya kwanza, wanawake wa mtaa wakamwita nje kwa mikono, wakampa ndoo, wakamwonyesha. Maneno yalikuja baadaye. Kizingiti kilitangulia. Alikisugua kila Ijumaa hadi alipokufa. Nikamuuliza, na sasa? Akaona haya kidogo. Akasema anakisugua yeye, kwa sababu anaogopa Mama atamtokea.

Nimepiga picha ya pembe. Lorraine kwisha habari yake.

Jumatano, 6 Machi

Lorraine hajaisha. Kaweka picha ya aproni ya mama yake, aliyoihifadhi kabatini miaka yote hii. Maua yaleyale. Kiraka kilekile kiunoni! Nimejibu kwamba nusu ya jimbo letu la Lancashire ilivaa aproni hiyo. Kuhusu kiraka nimenyamaza.

Alasiri nikaenda kwa Bibi kumchokonoa bila yeye kujua. Anakaa kwenye nyumba za wazee kule kilimani. Nikamuuliza, kama mtu asiye na nia yoyote, eti vizingiti vilikuwaje enzi zile? Aliweka kikombe chini. Akasimulia saa nzima!

Ijumaa, anasema, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, wanawake wote walikuwa nje, magotini. Kwanza maji na brashi. Kisha ukingo unachorwa kwa jiwe lake maalumu, jeupe au la manjano hafifu, ambalo alilitoa mnunuzi wa matambara. Unampa gunia la matambara, anakupa jiwe, farasi wake anakuchafulia barabara. Milango sitini, mistari sitini iliyonyooka, chini ya anga jeusi kama sufuria. Mume analiruka jiwe bichi, watoto wanaliruka, hata kasisi anakunja kanzu analiruka. Mstari wako ukipinda, utasemwa hadi Ijumaa ijayo.

Nilimsikiliza nikafikiria sinki langu. Kuna soksi mle tangu Jumapili.

Nikagusia Ivy Bleasdale. Midomo ya Bibi ikajifunga kama pochi. Mwaka wa sitini, Ivy alikikanyaga kizingiti cha Bibi kikiwa kibichi. Kwa viatu vya kisigino. Kwa makusudi! Tangu siku hiyo hawakusalimiana, hadi Ivy akazikwa. Nikasema Bibi, kwa kisigino tu? Akasema, "Visigino viwili."

Hii sasa si zawadi tu. Ni heshima ya ukoo.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango mkubwa. Kuipiga picha upya! Mimi magotini pale pale, nimevaa aproni ya Bibi (nilimdanganya nataka kupika chapati za maji), halafu mgongo na mgongo iwekwe sambamba mbele ya mji. Bwana Tariq kakubali. Craig, mume wangu, katoka zamu ya basi, kakubali pia ingawa hakuulizwa.

Mawe yale hayauzwi tena. Nikatumia chaki ya Nell, na kwa ukingo nusu kopo la mafuta ya nepi ya Wilf. Meupe safi! Mvua ikanyesha. Mafuta ya nepi hayaogopi mvua, ndiyo kazi yake. Mtu wa posta akakanyaga, akateleza hadi namba kumi na nane, barua zikamfuata. Saluni ya Lorraine iko pembeni pale, wateja wote wakatoka na rola zao kichwani. Mmoja alikuja na kikombe. Nell akawatangazia kwa sauti ya shule, "Mama anatafuta makalio ya Bibi!"

Mwenye kikombe akauliza kama yamepotea muda mrefu.

Magoti yangu yaliomba msamaha baada ya dakika tano. Bibi alifanya hivi kila wiki, kisha akaenda kusimama kiwandani kwa muda wa saa tisa. Nilipokuwa nasugua mafuta yale yatoke, nikawaza, wanawake hawa walikuwa watu gani? Hakuna aliyewalazimisha. Mji ulikuwa mweusi kuanzia bomba la moshi hadi shingo za watoto, nao wakaamua kwamba hapa mlangoni, urefu wa mkono, patakuwa peupe.

Craig kaitazama picha. Kasema nafanana na mwanamke yule, hasa kwa upana. Usiku huu kajichemshia mayai mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi! Mzee Clegg kapiga simu. Ameiona pembe iliyomegeka, ameona rula yenye twiga, na amechimba daftari la wapiga kura la 1961. Namba kumi na nne, Ogden. Akasema, "Jiwe halisemi uongo, kipenzi. Ni Mavis." Kesho saa nane maktaba, picha itafunuliwa, nimlete Bibi.

Nilicheza na Wilf jikoni hadi akanitapikia. Sikujali. Nilikuwa na fulana ya jana.

Lorraine kaandika neno moja tu ukurasani: "Hongera."

Kisha nikakutana naye duka la dawa. Macho mekundu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema mama yake hakuwahi kuandikwa popote ila kwenye tangazo la mazishi, na hata hapo walikosea umri. Nikasema pole, nikasukuma kigari mbio kama nimeiba. Mlango ni mlango, nilijiambia. Ilinibidi nijiambie hadi juu kabisa ya kilima.

Jumamosi, 9 Machi

Nianzie wapi.

Bibi alivaa koti la kanisani. Nilimwambia tunakwenda kula keki. Maktaba imejaa, Bwana Tariq yupo, Lorraine kaja kakaa nyuma kabisa. Mzee Clegg akatoa hotuba, akavuta kitambaa, picha kubwa kama mlango wenyewe. "Mavis Ogden wa Mtaa wa Bobbin!" Makofi. Nikalia. Nilikuwa nimepanga kulia.

Bibi akavaa miwani. Akasogea. Akasogea tena.

Akasema mlango ni wake. Mtu si yeye.

Mzee Clegg akamwambia kwa upole kwamba miaka ni mingi, huenda amesahau. Bibi akamgeukia. "Derek, nimekubadilisha nepi wewe. Usinifundishe mgongo wangu." Mei ya mwaka ule, akasema, alikuwa kitandani, chumba cha juu, na mtoto wa siku tatu. Mkunga alikuwa amempiga marufuku kugusa ndoo siku kumi nzima.

Mtoto wa siku tatu. Huyo ni Mama yangu! Kazaliwa tarehe tisa Mei 1961! Kila mwaka namtumia kadi huko Blackpool! Craig alikuwa anatazama dari kwa makini sana.

Bibi akaendelea, haongei na sisi tena, anaongea na picha. Ijumaa ile alilala kule juu analia. Mtoto mzima, mume mzima, naye analilia kizingiti, maana mtaa wote utakiona kichafu. Babu aliposhuka akakuta ni cheupe. Ukingo umenyooka. Ndivyo walivyofanyiana zamani, mwenzao akiwa kitandani mtu anamsugulia, halafu hasemi. Bibi alidhani ni Agnes wa namba kumi na sita. Akampelekea keki nzima ya matunda. "Akaipokea! Akaila, mnafiki yule, akarudisha sahani!"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Kidole chake kilikuwa juu ya ukingo pichani. Akasema tazameni pembe hizi za mstari, zimeviringwa. Mtaa mzima tulichora pembe kali, mmoja tu ndiye aliyeviringa, na mimi nilikuwa namcheka. Akageuka, akatafuta kwenye viti hadi nyuma.

"Lorraine. Ni mama yako."

Lorraine hakuinuka. Bibi akamfuata mwenyewe, bila mkongojo, nami nikiwa nyuma yake na mikono mbele kama mlinda lango. Akamwambia, "Alirudi kusugua alichokikanyaga. Na mimi nikampita barabarani miaka arobaini na minane. Kwa nini hakuniambia?"

Lorraine akasema, "Angekuambia, ungemfukuza."

Bibi akafikiri. "Ningemfukuza," akasema.

Wakashikana pale. Mzee Clegg akakohoa, akauliza basi achapishe jina gani. Bibi akamwamuru achukue kalamu: "Ivy Bleasdale, akisugua kizingiti cha Mavis Ogden." Akamtaka alisome kwa sauti. Akaona ni sawa.

Nililia tena. Hii haikuwa kwenye mpango.

Jumapili, 10 Machi

Sikukuu ya Akina Mama, ile yetu ya Machi. Nell kaniletea tosti iliyoungua, upande mmoja siagi, upande mwingine gundi ya kumetameta. Nimekula upande wa siagi. Wilf ana jino! Ni dogo kama punje ya mchele, kelele zake zote zile.

Bibi kapiga simu. Alhamisi anakwenda kwa Lorraine kutengenezwa nywele, na Lorraine anataka asimuliwe habari za mama yake enzi zile, mwanzo hadi mwisho, pamoja na visigino. Kisha sauti ikabadilika. "Mjukuu wangu, nakushukuru. Lakini safari nyingine niulize. Niko hai. Nina simu." Nikamwapia kwa mtoto na jino lake. Nimekoma! Nitauliza kwanza. Sitagombana na majirani mtandaoni. Mtu mzima mimi, na watoto wawili.

Saa sita mchana Mzee Clegg akaweka picha nyingine, ya ukurasa wa mwisho wa kitabu. Wanawake thelathini wa kiwandani ufukweni Blackpool, 1958, wiki ile mji mzima ulipofunga kazi kwenda baharini pamoja. Wote wanacheka. Wa kwanza kulia kajifunika gazeti usoni, kalala. Ni miguu tu inayoonekana. Wanawake hao wazuri kweli, jamani. Nimewatazama hadi chai ikapoa.

Lakini ile miguu! Dole gumba lile la Bibi!

Mtu akishafunikwa gazeti usoni atakumbuka nini? Kumuuliza ni kumharibia furaha tu. Lorraine tayari kaandika kwamba huyo ni shangazi yake. Nimemjibu, kwa adabu, kwa herufi kubwa.

Kesho Bibi akishakula mchana atasinzia kama kawaida yake. Nitamvua soksi polepole. Rula ninayo.