Karatasi Moja kwa Marehemu Wote

Jumatatu, 7 Julai 2025
Tumemzika mzee Yohanes, mfuga nyuki. Nimesoma historia yake kaburini, kama ninavyowasomea marehemu wote wa jumuiya yetu hapa Mjimwema, mwaka wa ishirini huu. Sauti nzuri. Miwani safi. Nikasema marehemu alikuwa fundi cherehani hodari, ameacha mjane na watoto saba. Mjane akainua uso, akasema mbele za watu kwamba watoto ni watano, na cherehani mume wake hakuwahi kuigusa. Aibu! Fundi cherehani tulimzika Alhamisi. Hata padri alikohoa, kikohozi kisicho cha mafua.

Niungame hapa, maana daftari halina mdomo. Tangu Februari karatasi ni moja. Nafuta jina, nafuta kazi, nafuta hesabu ya watoto, naandika nyingine. Katikati nabakiza: “Alipenda watu, alipenda kanisa, hakuwa na makuu.” Nani atabisha? Marehemu? Leo nimefuta jina tu, mengine nikasahau.

Benigna, mke wangu, anasema nimechoka. Nikamwambia anayechoka ni mwenye jembe. Mimi nichoshwe na nini, karatasi?

Jumanne, 8 Julai
Oswald kaja. Karani mstaafu wa mahakama, ana kompyuta na mashine ya kuchapa. Kaniamkia shikamoo kwa sauti kubwa, ili mtaa mzima ujue mzee ni mimi. Anasema kama mzigo umenielemea yeye yupo. Nyoka! Amekitamani kipaza sauti kile tangu kiliponunuliwa.

Mchana binti yangu Careen, nesi, kaja kula. Anasema kazini kwao wamefundishwa kwamba mtu anaweza kuishiwa kwa ndani kama kibatari kilichobaki utambi. Dalili: hulali. Chakula hakina ladha. Unafoka ovyo. Kazi uliyoipenda inakuwa gunia. Ya mwisho, jambo la kuumiza halikuumi. Nikamjibu hiyo yote inaitwa uzee. Kisha nikaingia chumbani, nikaziandika na kujisahihisha mwenyewe. Vema, vema, vema. Tano kwa tano! Na mimi niliyeishia darasa la nne sikuwahi kupata zote.

Jumatano, 9 Julai
Mpango! Kujiuzulu ni kumpa Oswald ushindi. Kuugua ni heshima. Nimejifunga skafu shingoni, nimetangaza sauti imekauka. Nitapumzika mwezi mzima na hakuna wa kunisema.

Saa nne asubuhi Imaculata, mwenyekiti wa jumuiya, kafika na akina mama kumi na wanne kuniombea koo. Rozari nzima. Nyimbo sita. Nilikaa bila kusema neno, mimi! Wakanywa togwa yote. Wakaondoka, wakaja wanaume. Benigna, anayejua kila kitu, alinichemshia majani ya mpera yasiyo na sukari, akasimama hapo hapo mpaka nikamaliza. Kumbe kuugua kuna kazi kuliko kuzika.

Ijumaa, 11 Julai
Nimekimbilia Hanga, kwa watawa. Nimewaambia nimekuja kusali. Bruda Valence akanitazama skafu, akanitazama macho, akasema vizuri, kesho kuna palizi ya kabichi. Nikamuuliza kama anajua mimi ni msomaji. Akasema kabichi hazina historia.

Jumapili, 13 Julai
Nimelala kuanzia sala ya jioni mpaka kengele ya alfajiri. Sikumbuki lini nililala hivyo. Ugali wa hapa una ladha, au ulimi umerudi.

Jana katika matuta yule bruda aliniuliza nani alikuwa wa kwanza kusomewa karatasi ile moja. Nilijifanya sisikii. Nikapalilia matuta mawili. Kisha nikamwambia ni Anord.

Tulitengeneza baiskeli pamoja miaka thelathini na nane, kibanda kimoja, pampu moja. Alikufa Februari. Jumuiya ikanipa kalamu kama kawaida, na sikuweza kuandika hata alivyopiga mluzi. Basi nikaandika kwamba alipenda watu, alipenda kanisa, hakuwa na makuu. Nikasoma bila chozi. Watu wakasema Makarius ni mwanamume. Tangu siku hiyo wote wamekuwa karatasi.

Hakuwa na makuu! Anord! Aliyechukua baiskeli ya padri akaenda nayo kwenye ngoma ya lizombe siku mbili, akairudisha na kusema breki zilihitaji kupimwa mlimani! Aliyepiga mluzi wa nyimbo za Kwaresima hata siku ya Krismasi, akiziba pancha!

Nikacheka. Kisha nikalia. Kabichi zikapata maji. Bruda alihamia tuta la mbali na kunipa mgongo. Mtu mwema.

Jumanne, 15 Julai
Nimerudi. Nimekwenda kwa Fausta, mjane wa Anord, nikamsomea karatasi mpya. Mluzi, breki, lizombe, vyote. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akakaa chini. Akasema shemeji, Februari niliposikia ile nyingine nilidhani namzika mume wa mwanamke mwingine. Ameikunja, ameiweka ndani ya Biblia.

Nikatoka hapo hadi kwa Imaculata. Nimemwambia ukweli: koo ni zima, mwenye koo ndiye aliyechoka. Tumekubaliana nisome msiba mmoja kati ya mitatu, mingine Oswald. Skafu nimempa Benigna. Amesema alikuwa akiisubiri.

Najisikia mwepesi. Nimejifunza, kwa kweli nimejifunza.

Alhamisi, 17 Julai
Oswald amesoma leo. Kurasa nne, zimechapwa! Amelia katikati, akafuta miwani kwa kitambaa cheupe, akaendelea. Watu wakaguna kwa huzuni. Fausta alikuwa mstari wa mbele, akaguna zaidi ya wote. Mke wangu mwenyewe ameomba nakala!

Haiwezekani. Nimekwenda kwa Imaculata kabla udongo haujakauka viatuni. Nimemwambia nimepona, nasoma misiba yote, na harusi, na kipaimara pia kama kuna nafasi.

Na nina mpango ambao Oswald hatauota. Nitaandika historia za watu mapema, wakiwa wazima, wanieleze wenyewe. Nimeanza na jirani Dastan. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikamuuliza ataacha watoto wangapi. Amenifukuza kwa mchi mpaka barabarani. Si kitu. Mpaka jioni hii nimeandika tisa, bado mtaa uliobaki. Chakula kimepoa pembeni, nacho hakina ladha. Benigna anauliza kama nimechoka. Nimemkumbusha kwamba anayechoka ni mwenye jembe.

Ya Oswald nimeimaliza kwanza. Haikuchukua muda. “Alipenda watu, alipenda kanisa, hakuwa na makuu.” Hiyo inamtosha.